Tumaini la Wakristo Mbele ya Mauti katika Nchi ya Simiyu

Katika msiba wa Kisukuma wa zamani swali la kwanza halikuwa marehemu amekwenda wapi. Hakwenda po pote. Alizikwa nyumbani, karibu na zizi la ng'ombe wake, na katika koo nyingi alilazwa akielekezwa upande ule ambako wazee wake walitoka hapo kale. Na tangu siku ile alihesabiwa miongoni mwa masamva, yaani wahenga waliokufa lakini hawakuacha kuwa watu wa kaya. Mtoto akizaliwa aliweza kupewa jina lake. Mtoto yule akilia mchana na usiku pasipo sababu, mwaguzi aliweza kusema kuwa babu anataka jina lake liitwe. Ng'ombe wakipungua au mke asipopata mimba, babu yule yule alikumbukwa, akatambikiwa penye kijumba kidogo kilichojengwa uani kwa ajili yake. Kwa hiyo mahali walipo wafu hapakuwa fumbo. Swali lililowakosesha watu usingizi lilikuwa jingine: nani amemwua?

Mtoto mchanga alikuwa na udhuru wa uchanga wake, na mzee sana alikuwa na udhuru wa miaka yake; kifo cha hawa kilipokewa kama jambo la Mungu. Lakini mtu aliyekatika katikati ya nguvu zake, hasa kwa ghafula, aghalabu hakuhesabiwa kuwa amekufa tu. Ama wahenga walikuwa wamekasirika, ama mtu alimloga. Jamaa walichukua kuku wakaenda kwa nfumu, naye nfumu akampasua kuku yule, akasoma katika mwili wake njia ambayo mauti yalipita. Mara nyingi njia ile ilionekana kuanza karibu: kwa jirani, kwa mke mwenza, kwa shangazi mjane.

Ukristo ulifika katika nchi hii ukiwa na jibu kubwa kwa swali lisilowasumbua watu, na kwa lile lililowasumbua ulikuwa na jibu fupi mno. Ulihubiri mbingu, ufufuo na uzima wa milele. Juu ya nani aliyeua ulisema kuwa uchawi ni upuuzi, au kuwa ni kazi ya Shetani, kisha ukanyamaza. Historia ya tumaini la Kikristo katika Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, wilaya zilizofanywa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, ni historia ya maswali haya mawili kukaa chini ya paa moja, kila moja likingoja mwenzake aondoke.

Mto uliotoa jina la mkoa umepata kuwa na sifa isiyokuwa yake. Henry Morton Stanley, alipofika kwenye ziwa kuu mwaka 1875, aliudhani Simiyu kuwa chanzo cha mto Nile kilicho mbali kuliko vyote upande wa kusini. Alipiga kambi Kageye, katika nchi ambayo leo ni ya Mwanza, na huko mmoja wa vijana wake wa Kiingereza, Frederick Barker, akafa mwaka ule ule. Mwaka 1877 Dr John Smith wa Church Missionary Society, mmoja wa wamishonari wa kwanza waliokuwa njiani kwenda Uganda, naye alifia Kageye. Hivyo kando ya maji haya makaburi ya Wakristo yalitangulia makanisa yao. Si ajabu, basi, kama mahubiri ya kwanza ambayo wenyeji walipata kuyatazama kwa macho yao yalikuwa jinsi wageni wale walivyozikana.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 chama kile kile cha Waingereza kilifungua kituo Nassa, penye Ghuba ya Speke, mahali palipo leo katika wilaya ya Busega. Wakati huo kilikuwa na kituo kingine Usambiro, kusini mwa ziwa, ambako Alexander Mackay alikimbilia baada ya kutolewa Uganda mwaka 1887. Usambiro si Simiyu. Lakini Nassa haifahamiki pasipo Usambiro, kwa kuwa watu walikuwa wale wale, na homa ile ile. Huko Askofu Henry Parker alikufa mwezi wa Machi 1888. Huko Mackay naye, aliyekuwa fundi wa kila kitu, mpiga chapa, mhunzi na mjenzi wa mashua, alishikwa na homa mapema mwezi wa Februari 1890, akafa tarehe 8, akiwa na miaka arobaini.

Mmishonari mmoja tu alikuwa naye, David Deekes. Deekes alitengeneza jeneza kwa mbao zilizokuwa zimekatwa kwa ajili ya mashua, na siku ya pili, Jumapili, wakamzika Mackay kando ya Askofu Parker. Wakristo wa Kiganda waliokuwa wakikaa Usambiro walisimama kuzunguka kaburi. Wimbo mmoja wa kanisa, wa kuutukuza ufalme wa Yesu, uliimbwa kwa Kiingereza, nao Waganda wakauimba kwa lugha yao.

Yafaa kulitazama kaburi lile kwa macho ya jirani Msukuma. Aliyezikwa hakuwa na mke wala mtoto. Alikufa mbali na kwao, na hapakuwa na mtu wa damu yake wa kulitaja jina lake baadaye. Kwa kipimo cha masamva hakuna kifo kibaya kuliko hicho: ni kufa kabisa, kufa pasipo kubaki na kaya ya kurudia. Hata hivyo waliomzika hawakutafuta kuku, wala hawakuuliza kwa nini mtu mwenye nguvu amekatika katikati ya kazi, na mbao zake zingali nyeupe. Waliimba. Mtu aweza kusema kuwa waliimba kwa desturi tu, maana kila kabila lina namna yake ya kufunga kaburi. Lakini desturi inayowafanya watu waimbe juu ya mtu asiyeacha mzao ni desturi ngeni sana katika Usukuma, na ndani yake mna fundisho ambalo mhubiri angelifundisha kwa miaka mingi asimalize.

Hapa pana jambo la pembeni ambalo halistahili kuachwa. Mwaka 1927 mifupa ya Mackay ilifukuliwa Usambiro, ikachukuliwa kuzikwa upya Namirembe, Kampala, karibu na kanisa kuu la watu aliowafundisha. Wakristo wale wale walioimba kuwa mfu hayumo kaburini waliona kuwa si vema kumwacha porini peke yake. Waganda walimtaka awe nyumbani. Msukuma ye yote angaliwaelewa pasipo mkalimani.

Mwaka 1909 Nassa iliondoka katika mikono ya Waingereza ikapewa Africa Inland Mission, chama cha Marekani. Chama hiki nacho kilikuwa kimezaliwa kaburini. Mwanzilishi wake, Peter Cameron Scott, Mskoti aliyelelewa Marekani, alikwenda kwanza Kongo, na huko akamzika ndugu yake John kwa mikono yake mwenyewe katika jeneza alilolitengeneza. Aliporudi Uingereza mgonjwa alipiga magoti penye kaburi la David Livingstone katika kanisa la Westminster Abbey, na hapo akaiona kazi yake upya. Mwaka 1895 alifika Mombasa na kundi lake la kwanza. Mwezi wa Desemba 1896 alikwisha kufa katika nchi ya Wakamba, akiwa na miaka 29. Chama chenye mwanzo wa namna hiyo hakingeweza kuhubiri mauti kama mgeni wa mbali. Kilihubiri kuwa Bwana anarudi upesi, na kuwa aliyekufa katika Yeye yuko naye tayari. Masamva wakakatazwa, vijumba vya uani vikabomolewa na waliobatizwa, na sala za kuwaombea wafu hazikuwapo kabisa.

Kazi yao kubwa kuliko zote katika habari hii ilikuwa kazi ya lugha. Emil Sywulka, aliyekaa Nassa, aliongoza tafsiri ya Agano Jipya kwa Kisukuma, nayo ikatolewa mwaka 1925. Biblia nzima ilifuata mwaka 1960. Tangu siku ile nyaraka za Paulo kwa Wakorintho na kwa Wathesalonike, ambazo zimesomwa penye makaburi ya Kikristo tangu zama za Warumi, ziliweza kusomwa katika Nassa kwa maneno ya mama. Mzee asiyejua Kiswahili aliweza kusikia habari ya ufufuo pasipo kungoja mwalimu aifafanue.

Walakini Kiswahili nacho kilikuwa kimekwisha kuingia kwa njia ya shule na ya makatekista, kikaja na msamiati wa mauti uliokomaa pwani katika Uislamu. Mfu akawa marehemu, yaani aliyerehemiwa, jina ambalo ni dua kabla ya kuwa habari. Neno tumaini lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, lina maana ya kutulia moyo zaidi ya kungojea jambo, na aliyelichagua kwa ajili ya Injili alichagua vizuri kuliko pengine alivyojua: penye msiba mtu haulizwi anatarajia nini, huulizwa kama moyo wake umetulia. Upande wa pili limebaki neno kuzimu, la asili ya Kibantu, lenye shina moja na mzimu. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili walilitumia kwa makao ya wafu yaliyotajwa na Waebrania. Basi msomaji wa bara alipofika penye neno kuzimu hakukuta shimo tupu. Alikuta nyumba ya babu zake imefunguliwa mlango. Hapana mahubiri yawezayo kulifuta hilo, kwa sababu limo ndani ya neno.

Katika Ntuzu, ndiyo nchi ya Bariadi, na katika Kanadi, waliofika mapema walikuwa wengine. Kabla ya vita vya 1914 Waadventista Wajerumani, wanaoitwa Wasabato, walifungua vituo vyao katika nchi hizo za Usukuma wa mashariki. Vita vikawaondosha Wajerumani, na wanafunzi wao wachache wakabaki na vitabu pasipo walimu. Baada ya vita kazi ikaendelezwa na Wasabato wa mataifa mengine. Fundisho lao juu ya wafu linatofautiana na la Nassa katika jambo moja, na jambo hilo katika Usukuma lilikuwa zito kuliko habari ya siku ya Sabato. Wao hufundisha kuwa mtu akifa amelala. Hayuko mbinguni, wala hayuko motoni, wala hayuko uani. Hajui neno mpaka parapanda ya ufufuo.

Fundisho hili lilikata shina lenyewe la masamva. Mmishonari wa Nassa alimwambia Msukuma kuwa babu yupo lakini asitambikiwe. Yule wa Ntuzu alimwambia kuwa babu hasikii. Mtu aweza kuona ukali katika jibu la pili, na upo. Mwana aliyetaka kumwambia baba yake kuwa mahari imetimia hakuwa na wa kumwambia. Lakini mna na huruma ndani yake. Kama babu amelala, basi hakasiriki. Na kama hakasiriki, mtoto anayekufa kwa homa hakuuawa na babu. Nusu nzima ya hofu ya zamani iliondolewa kwa fundisho moja. Ilibaki nusu ya pili, nayo ndiyo iliyo mbaya zaidi, kwa kuwa wahenga wakiondolewa katika hukumu, mshtakiwa pekee aliyebaki ni jirani aliye hai.

Katika miaka ile ile habari ya kulala ilikuwa na maana nyingine ya kutisha. Mwaka 1922 ugonjwa wa malale ulionekana Maswa, ukiletwa na mbung'o wa porini. Serikali ya Waingereza ikawahamisha watu kutoka vichaka vilivyoambukizwa, ikawakusanya pamoja mahali pasipo na mbung'o. Makaburi yaliachwa nyuma. Jambo hili lilikuwa mfano mdogo wa lile litakalokuja nusu karne baadaye.

Wakatoliki walikuja kwa njia tatu: Mapadre Weupe waliokuwa Bukumbi, karibu na Mwanza, tangu mwaka 1883, Mapadre wa Maryknoll kutoka Marekani waliowapokea kazi sehemu za Shinyanga katika miaka ya 1950, na mwaka 1956 Jimbo la Shinyanga, lililochukua sehemu kubwa ya Simiyu ya leo, Edward McGurkin wa Maryknoll akiwa askofu wake. Hawa hawakuukata uzi kati ya walio hai na waliokufa, waliugeuza. Mkatoliki huwaombea wafu wake, hutoa sadaka ya Misa kwa ajili yao, na tarehe 2 Novemba huenda makaburini. Kwa Msukuma desturi hizi hazikuhitaji maelezo marefu. Zamani babu aliombwa; sasa babu huombewa. Tofauti ni herufi moja, na katika herufi hiyo moja mamlaka yote yamebadilika mkono, kwa kuwa babu ndiye mwenye haja sasa, na mjukuu ndiye mwenye msaada. Padre David Clement, Mkanada wa Mapadre Weupe, alikwenda mbali zaidi huko Bujora, karibu na Kisesa, alipojenga kanisa lenye umbo la nyumba ya Kisukuma, akaweka vitu vya enzi ya watemi kuwa vitu vya ibada. Wako waliomlaumu kuwa amewaingiza wahenga kanisani kwa mlango wa nyuma. Lawama hiyo ina ukweli kidogo, lakini walioitoa walisahau kuwa wahenga wale walikuwa wamekwisha kuingia zamani, kila mmoja akifuatana na mjukuu wake aliyebatizwa.

Kwa hiyo kijana wa Bariadi, akienda mazishini mara tatu katika mwezi mmoja, aliweza kusikia mara ya kwanza kuwa marehemu yuko na Bwana sasa hivi, mara ya pili kuwa amelala hajui kitu, na mara ya tatu kuwa yuko toharani aombewe. Wanatheolojia huhesabu jambo hili kuwa aibu. Huenda ni hivyo. Lakini katika maisha ya kijiji majibu matatu yaliyopingana yalikubaliana katika neno moja lisilosemwa na nfumu hata mara moja: kuwa marehemu hayumo mikononi mwa adui yake. Mahali alipo palibishaniwa, aliyemshika hakubishaniwa.

Neno hilo lilipata kupimwa. Mwezi wa Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kuwa watu wote wa shamba wawe wamehamia katika vijiji kabla ya mwisho wa mwaka 1976, na mwaka 1974 hamahama ilikuwa imeshika kasi Usukuma. Msukuma hakuishi kijijini. Aliishi katika kaya yake, iliyo mbali na kaya ya jirani, kati ya mashamba yake, ng'ombe wake na makaburi yake. Kaya zikabomolewa. Mahame yakabaki na minyaa, na chini ya minyaa wazee. Watu wakapangwa mstari kando ya barabara, wageni kwa wageni. Baadaye wengi walitoka wenyewe na makundi ya ng'ombe kutafuta malisho Geita, Rukwa, Usangu na Kilombero, na makaburi yakazidi kuwa mbali. Dini iliyomfunga mfu katika udongo wa uani iliumia sana katika miaka ile. Dini iliyosema kuwa mfu hahitaji uani ilisafiri kwa wepesi, kama mzigo mdogo juu ya baiskeli. Wanaoeleza kukua kwa makanisa ya Usukuma kwa shule na hospitali peke yake huliacha jambo hili, nalo si dogo.

Lakini isidhaniwe kuwa moyo ulihama kabisa. Nyerere mwenyewe, Mkatoliki wa kwenda Misa kila siku, alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 alirudishwa akazikwa nyumbani kwao Butiama, katika mkoa jirani wa Mara.

Ujirani mpya wa vijijini ulileta tunda chungu. Mtaalamu Simeon Mesaki, aliyefanya uchunguzi wa mauaji ya wanaodhaniwa kuwa wachawi, alionyesha kuwa kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma hizo, na zaidi ya nusu ya mauaji yalitokea Usukuma. Waliouawa wengi walikuwa wanawake, na wengi wa wanawake hao walikuwa wazee. Kati ya sababu alizozitaja ni hiyo ya watu kulazimishwa kukaa karibu karibu. Dalili iliyotafutwa usoni mwa mwanamke ilikuwa macho mekundu. Na macho ya mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa mabua ya mtama, mashina ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kikavu hayawezi kuwa meupe. Walinzi wa jadi wa sungusungu, walioanza mwaka 1981 na 1982 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe, mahali pengine waliwageukia pia hao vikongwe.

Mauaji haya hayakufanyika katika nchi isiyosikia Injili. Yalifanyika baada ya karibu miaka tisini ya Nassa. Wauaji wengine walikuwa na majina ya ubatizo, na waliouawa pia. Hapa ndipo udhaifu wa tumaini lililohubiriwa ulipoonekana wazi: lilimfariji mfiwa juu ya marehemu, likamwacha peke yake na swali lake la pili. Mjane aliambiwa kuwa mumewe yu salama. Hakuambiwa nani alimwua, kwa kuwa mhubiri aliona hakuna wa kutajwa. Na jioni, mhubiri alipopanda baiskeli yake, alikuwapo mtu mwingine aliyekuwa tayari kutaja.

Kati ya mwaka 2007 na 2009 hofu ilipata sura nyingine, wakati watu wenye ualbino walipowindwa katika mikoa ya ziwa kwa ajili ya viungo vyao, na makaburi yao kufukuliwa. Baadhi ya jamaa walimimina saruji juu ya wapendwa wao ili wasiibwe. Mtu ambaye amekesha akilinda kaburi la mtoto wake dhidi ya majirani zake anajua juu ya ufufuo wa mwili jambo ambalo halimo katika katekisimu. Yeye hauulizi mwili utafufuka namna gani; anaomba uachwe ukae.

Siku hizi msiba wa Kikristo katika Bariadi una utaratibu wake uliokaa. Nzengo, yaani majirani wa kitongoji, ndio wachimbao kaburi, kama zamani, na asiyefika hutozwa faini. Kaburi liko nyumbani mara nyingi, sasa likijengewa kwa saruji na msalaba au jina. Kwaya huimba kwa Kiswahili na kwa Kisukuma. Vipaza sauti vinasikika mbali juu ya mashamba ya pamba. Kabla ya mahubiri husomwa wasifu wa marehemu, na wasifu huo, ambao hakuna chuo cha theolojia kilichoufundisha wala askofu aliyeuamuru, unastahili kuangaliwa na wanafunzi wa fasihi kuliko unavyoangaliwa. Una muundo usiobadilika. Hutaja mwaka wa kuzaliwa, wazazi, shule, ubatizo, ndoa, watoto na wajukuu kwa hesabu. Kisha hufika penye ugonjwa: ulianza mwezi gani, alipelekwa zahanati ipi, akahamishiwa hospitali ipi, madaktari waligundua nini, alifariki saa ngapi. Mgeni hushangaa kusikia habari za shinikizo la damu au za figo zikitangazwa mbele ya umati. Lakini umati haushangai. Sehemu ile ni jibu la swali la kale, limetolewa hadharani, mbele ya kaburi lililo wazi, kwa sauti ya mtu wa ukoo, na kabla ya mtu kupata nafasi ya kwenda kumtafuta kuku. Mhubiri akisimama baada yake kusema habari za mbinguni, husema mbele ya watu ambao nusu ya hofu yao imekwisha kujibiwa na karatasi.

Wasomaji wa wasifu wanaijua kazi hiyo, na wale wazuri hawaiharakishi. Husoma jina la ugonjwa mara mbili. Shida huja pale karatasi inaposema tu kuwa marehemu aliugua ghafula, akafia njiani. Hapo kelele za watoto husikika wazi, wazee walioketi chini ya mti huinamisha vichwa, na kati ya wanawake waliokaa juu ya mikeka yuko mmoja, mjane mzee wa upande wa baba, ambaye hujifunika kanga usoni na kuyafuta macho yake.